Kabla ya kuvaa kiatu, uliza njia

Leo katika ukumbi wetu nataka tuzungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa mijini hulidharau mpaka siku linapotubwaga chini mbele ya kadamnasi. Nalo ni kiatu cha kwendea mashambani wakati wa masika, hasa kwa wale ambao kwao ni Kisii au Nyamira, au waliooa na kuolewa huko.

Tafadhali usicheke. Kabla hujasema kwamba kiatu ni kiatu, ngoja nikusimulie yaliyonipata mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulifiwa na baba mdogo wa mke wangu huko Nyamira. Ulikuwa mwezi wa Aprili. Tulitoka Nairobi usiku wa manane, tukapitia Narok, Bomet na Sotik, na kulipopambazuka tulikuwa Keroka tukinywa chai ya maziwa. Jua lilichomoza likiwa safi kabisa. Mke wangu alikuwa amenishauri niweke raba katika buti ya gari, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba mkwe haendi matangani na raba. Nilivaa viatu vyangu vya ofisini, vya ngozi nyeusi, vilivyong'arishwa vikang'aa, na soli zake laini kama sahani.

Gari lililobeba mwili lilifika mwisho wa barabara ya murram yapata saa nane mchana. Kutoka hapo hadi bomani ni mteremko wa kama mita mia tatu, ujia mwembamba unaopita kati ya majani chai na migomba. Jeneza lilihitaji watu sita. Walipatikana watano, nami, kwa kutaka kuonekana mkwe mwema, nikajitosa. Tulipofika katikati ya mteremko yakaanza manyunyu. Si mvua ya kutisha. Ni matone ya dakika tano tu. Nikajiambia kwamba ardhi bado ni kavu, hapana neno. Hatua chache baadaye mguu wangu wa kulia ukaniacha bila kuniaga. Nilishuka kwa makalio, na pembe yangu ya jeneza ikanifuata.

Kilichotuokoa ni kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu. Alikuwa amevaa gambuti kuukuu zilizotiwa kiraka. Alipiga kisigino chini, akaingiza bega lake pale palipokuwa na langu, na jeneza likasimama hewani. Marehemu hakuguswa na hata tone la matope. Mimi niligubikwa kuanzia mgongoni hadi visiginoni.

Ikiwa unawafahamu Wagusii, basi unajua kwamba kati ya mtu na wakwe zake kuna heshima kubwa, ambayo wao huiita chinsoni. Mkwe hajianiki ovyo mbele ya mama mkwe. Mama mkwe wangu, kwa adabu yake, aligeuza uso akajifanya anatazama mawingu. Nadhani nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni, baada ya mazishi, mzee mmoja wa boma lile aliniita kando. Nilitarajia kuulizwa kwa nini nilivaa viatu vile. Hakuviuliza. Aliniuliza swali moja tu: niliposhuka garini, je, nilimwuliza mtu yeyote kuhusu njia?

Msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Sisi watu wa mijini hununua kiatu kwa kutazama kiatu. Wenyeji wa vilimani hutazama njia kwanza, na saa pia, ndipo wachague kiatu.

NJIA MOJA, NYUSO NNE

Hebu tutazame jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira ni vilima na mabonde. Mji wa Kisii wenyewe uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka au Kiabonyoru unazidi kupanda. Udongo wake mwingi ni mwekundu, wa asili ya volkano, wenye kina na rutuba. Ndio unaolisha majani chai, kahawa na migomba. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, vuli hurudi Septemba hadi Novemba, na hata katikati yake hakuna mwezi unaokauka kabisa.

Jambo la kutia maanani ni saa ya mvua hiyo. Aghalabu hunyesha alasiri. Sababu yake ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani. Huko hukutana na pepo zinazotoka mashariki, ikasukumwa juu, ikapoa na kuwa mawingu ya radi. Ndiyo sababu nyanda hizi, pamoja na majirani zake Kericho na Nandi, zinajulikana sana kwa mvua ya mawe. Kuna siku mashamba ya chai hugeuka meupe kwa robo saa, na mkulima hubaki akitazama majani yake yaliyopasuliwa.

Kwa hivyo njia ileile moja, kwa siku ileile moja, ina nyuso nne.

Uso wa kwanza ni wa asubuhi. Matope ya jana yameanza kushikamana, lakini nyasi za kando ya njia zimejaa umande. Ukikanyaga udongo unapita salama. Ukikanyaga nyasi katika mteremko unateleza, na juu ya hayo soksi zinalowa kabla hujafika kituo cha matatu.

Uso wa pili ni wa adhuhuri. Jua limekausha njia ikawa ngumu. Hapa karibu kiatu chochote kitakufaa, na hapa ndipo mgeni hudanganyika.

Uso wa tatu ni wa dakika za kwanza za mvua, na huo ndio ulioniangusha mimi. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, tena ni bapa kama sahani. Zikipata maji kidogo, sahani hizo huteleza moja juu ya nyingine. Chini yake udongo bado ni mgumu kama sakafu, kwa hiyo kiatu hakiwezi kuzama kikashika. Ni kama mtu aliyemwaga sabuni juu ya sementi. Mvua kidogo juu ya ardhi kavu ina utelezi kuliko mvua nyingi, na hili watu wengi wa mijini hawalijui.

Uso wa nne ni wa baada ya saa moja au mbili za mvua. Sasa udongo umelowa hadi ndani. Mguu unazama, matope yanashika soli na kuongezeka kila hatua, na kiatu kilichokuwa chepesi kinakuwa kama tofali. Hapa hatari ya kuteleza hupungua kidogo, lakini kazi ya kunasua mguu huongezeka, na kiatu kisichokutosha sawasawa hubaki nyuma matopeni wewe ukiendelea na safari kwa soksi.

MKENYA ALIYEPAMBANA NA THELUJI

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Nyamira pekee. Twende mbali kidogo, hadi Japani, tumtazame Mkenya mwenzetu aliyekutana na utelezi ambao hakuzaliwa nao.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alianza kufundishwa huko Finland mchezo wa skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba ambazo mtu hufunga miguuni ili asafiri juu ya theluji. Mnamo Februari 1998, katika Olimpiki za majira ya baridi huko Nagano, alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Shindano lake lilikuwa la kilomita 10. Theluji siku hiyo ilikuwa na majimaji, ile inayonata. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, nambari 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alikataa kuondoka akangoja dakika zote hizo ishirini ili amkumbatie mwenzake kwenye utepe. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie, naye akarudi tena katika Olimpiki za 2002 na 2006.

Nimetaja kisa hiki kwa sababu wenyeji wa theluji wana tatizo lilelile la yule mzee wa Nyamira. Huko kwao, baridi inapoanza kuisha mwezi wa Machi na Aprili, theluji hubadilika kila saa. Usiku huganda. Asubuhi huwa ngumu kama mwamba, na mtu huhitaji skii zenye kingo kali za kuuma barafu. Kufikia adhuhuri jua huilainisha, na hapo ndipo mchezo huwa mtamu. Alasiri hugeuka uji, na mwenye skii nyembamba huzama. Afadhali wakati huo zilizo pana. Tena maji hufanya skii ing'ang'anie theluji, kama vile vioo viwili vilivyolowa vinavyogandamana. Kwa sababu hiyo mafundi huchora mifereji midogo chini ya skii ili maji yapate pa kutokea, na hupaka nta ya aina nyingine kabisa, tofauti na ile ya siku ya baridi kavu. Katika timu kubwa kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu: kwenda njiani alfajiri, kushika theluji kwa mkono na kuamua wachezaji watumie zipi.

Je, umeona? Mifereji ile ya skii ni ndugu ya meno ya soli ya gambuti. Yote miwili kazi yake ni kuyapa maji au matope mahali pa kwenda, ili kiatu kikutane na ardhi.

Wagusii nao hawakosi la kutufundisha kuhusu viatu na uwanja. Naftali Temu, mwana wa Wagusii, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki, kwa mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Olimpiki hizo zilikuwa za kwanza kukimbiwa juu ya uwanja wa mpira badala ya ule wa majivu ya makaa. Mwaka huohuo kampuni ya Puma ilitengeneza kiatu chenye meno madogo 68, badala ya meno sita yaliyoruhusiwa. Kiatu hicho kilipigwa marufuku kabla ya michezo, na rekodi ya mita 200 ya John Carlos aliyokimbia nacho haikutambuliwa. Kilishika uwanja wa mpira barabara. Lakini hebu kifikirie katika matope ya Manga! Meno 68 yaliyosongamana yangejaa udongo kwa hatua tano, na mwenye kiatu angebaki na soli laini kama yangu. Kila uwanja una kiatu chake.

TUCHAGUE SASA

Nadhani sasa msomaji unauliza: basi ninunue nini? Tuvipitie kimoja kimoja.

Gambuti ndizo mfalme wa uso wa nne. Ndiyo maana utawaona wachumaji wa majani chai, wakamuaji wa ng'ombe na vijana wa bodaboda wamezivaa. Lakini zina masharti. Soli iwe na meno marefu yaliyoachana, angalau upana wa kidole kati ya jino na jino, ili matope yadondoke unapotembea. Kisigino kiwe na ukingo uliosimama wima, si ulioviringana, kwa kuwa katika kuteremka kisigino ndicho breki. Shingo yake isiwe pana mno, maanake gambuti inayocheza mguuni hunaswa na matope. Usizivae kwa safari ndefu ya barabarani. Zitakuchubua na miguu itatota kwa jasho.

Raba za kukimbilia zinafaa asubuhi na adhuhuri, lakini zipindue kwanza. Raba nyingi za mjini zimetengenezewa lami, na soli zake zina michoro midogo ya urembo. Zile za kukimbilia porini zina meno ya milimita nne hadi nane, na hizo ndizo zinazostahili pesa zako. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na katika masoko ya mitumba ya Nairobi, ukiwa na subira utazipata. Ila usinunue zilizolika kisigino upande mmoja, kwani zitakupinda mguu kama zilivyompinda mwenyewe wa kwanza.

Njumu za kandanda, zile za meno ya plastiki, hushika vizuri katika mteremko wa nyasi zenye umande. Lakini ukifika kwenye mawe, kwenye murram ngumu au kwenye sakafu ya kanisa, utatembea kama aliye juu ya gololi.

Akala zilizokatwa kutoka kwa gurudumu la gari ni imara na za bei nafuu, na kwenye njia kavu sina neno nazo. Tatizo la akala wakati wa mvua liko juu, wala si chini. Mguu uliolowa huteleza ndani ya akala yenyewe, na mishipi huanza kukata. Ndara nazo tusizizungumzie. Ni za bafuni, na huko ndiko zibaki.

Kuna wale watakaoniambia kwamba wazee wao walishuka vilima hivyo miguu mitupu na hawakuanguka. Ni kweli, vidole vya miguu hushika udongo vizuri. Lakini fikiria pia gharama yake. Kuna funza, kuna minyoo ya safura inayoingia mwilini kupitia ngozi ya mguu, kuna vigae na misumari iletayo pepopunda. Tena madaktari wamethibitisha kwamba katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama kule Ethiopia, mtu anayetembea bila viatu miaka mingi anaweza kuvimba miguu kama mwenye matende, na hali chanzo chake si mbu bali ni udongo wenyewe. Kwa mtoto wa kilimani kiatu si anasa. Ikiwa unapeleka zawadi kwa wapwa na wajukuu, jozi ya viatu itawafaa kuliko mkate na soda.

Na viatu vya ofisini? Vina mahali pake. Vitie ndani ya mfuko, uvivae ukishafika.

DUKANI

Ukienda kununua, nenda jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima na kiatu cha asubuhi kitakubana. Vaa soksi nzito utakazotumia. Kisha simama juu ya ngazi au juu ya kitu kilichoinama, uso ukielekea chini, upigepige mguu. Vidole vikigonga mbele, kiatu hicho kitakung'oa kucha katika mteremko. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele inatosha.

Bonyeza soli kwa ukucha. Soli ya plastiki ngumu haibonyei, na katika jiwe lililolowa au juu ya gogo la kuvukia kijito itakuangusha hata ikiwa na meno ya mamba. Mpira laini hushika jiwe kwa ngozi yake, wala si kwa meno. Kwa gambuti, itazame mishono yake kwa ndani, uikunje shingoni na kwenye kifundo uone kama imeanza kupasuka.

Wazazi nao nina neno nao. Tuna desturi ya kumnunulia mtoto gambuti kubwa ili akue nazo. Huo ni uchumi wa kupoteza. Mtoto anayeburuta gambuti kubwa katika mteremko wa kwendea shule ataanguka, au ataziacha matopeni akifuata wenzake. Afadhali za saizi yake, na zikimbana apewe mdogo wake.

Wanafunzi mnaokimbia mbio za nyika, ninyi mna bahati ya kuwa na mifano ya nyumbani. Yobes Ondieki wa Kisii alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Tokyo mwaka 1991, na Julai 1993 huko Oslo akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Alitumia dakika 26 na sekunde 58. Mwanafunzi asidhani kwamba medali hununuliwa dukani pamoja na kiatu. Lakini asipuuze pia. Kabla ya mashindano, tembea njia yote kwa miguu, saa ileile mtakayokimbia. Tazama penye nyasi, penye udongo mtupu, penye kijito. Mkimbiaji aliyeanguka kwenye kona ya kwanza hasaidiwi na pafu zuri.

KUVITUNZA

Kiatu cha matope huharibiwa zaidi na jiko kuliko na matope. Wengi wetu tukirudi tumelowa huweka viatu karibu na moto, na gundi huachia, ngozi hukakamaa, mpira hupasuka. Osha matope yangali mabichi, kwa maji na brashi. Toa soli ya ndani. Kisha jaza karatasi za gazeti, ubadilishe zikilowa, na uvianike kivulini penye upepo. Gazeti hili unalolisoma litafaa sana kwa kazi hiyo, ila hakikisha kwanza kila mtu nyumbani ameusoma ukurasa huu.

Soksi uwe na jozi mbili kila siku. Miguu ikilala na unyevu hushikwa na kuvu katikati ya vidole, na mwasho wake huharibu safari nzima. Na asubuhi, kabla ya kuvaa gambuti iliyolala nje, ipindue uipige chini mara mbili. Huenda kuna mdudu aliyelala humo na hakulipa kodi.

Lakini ushauri ulio mkubwa kuliko wote haugharimu chochote ila simu moja. Kabla ya kufunga safari, mpigie aliye nyumbani. Usimwulize kama mvua inanyesha, kwa maana katika Gusii mvua hunyesha. Mwulize: mvua imekuwa ikinyesha saa ngapi siku hizi? Gari litafika wapi? Kutoka hapo, njia ni ya nyasi, ya udongo au ya mawe? Ukipata majibu hayo matatu utajua cha kuvaa, cha kubeba, na hata saa ya kuondoka. Mara nyingine suluhisho si kiatu kipya bali ni kufika kabla ya saa nane mchana.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka uliofuata tulipokwenda Nyamira kwa kumbukumbu ya marehemu. Nilimpigia simu yule kijana wa gambuti zenye kiraka. Akaniambia mvua inaanza saa tisa, gari litafika kwenye kituo cha kununulia majani chai, na kutoka hapo njia ni ya udongo hadi mlangoni. Tulifika saa tano. Nilishuka garini nimevaa gambuti, viatu vya ngozi viko mfukoni. Mvua ilipoanza, wenyeji walihitaji watu wa kuteremsha viti na sufuria kutoka barabarani, nami nikawa miongoni mwao. Nilishuka na kupanda mara nne bila kuanguka.

Mama mkwe alisimama kwenye baraza akitazama. Safari hii hakugeuza uso. Nilipomaliza, akamtuma mtoto aniletee karai la maji ya kuoshea gambuti zangu. Hakusema neno, nami sikuhitaji neno.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji mpenzi, nakutakia mapumziko mema. Na ikiwa safari ya mashambani iko karibu, piga ile simu leo.